MKE WANGU ALIHESABIWA, LAKINI HAKUPIGA KURA

Mimi ni muuza duka. Duka langu ni dogo. Liko katika kaunti ya Turkana, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar. Ninauza unga, sukari, majani ya chai, maharagwe, sabuni na betri za tochi.

Sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa katika kaunti ya Nyeri, mahali penye mvua, chai na kahawa. Nilikuja Turkana nikiwa kijana, nikifanya kazi ya utingo wa lori. Nikapapenda. Nikaanza kuuza vitu kidogo kidogo, kisha nikaoa hapa hapa. Leo nina watoto wanne. Kwa hiyo mimi nina kwetu kuwili. Nikiwa Nyeri watu huniita mtu wa Turkana. Nikiwa Turkana watu huniita mtu wa Nyeri.

Leo nataka kuwaeleza habari ya hesabu ya wapiga kura katika kaunti zetu. Msiogope neno hesabu. Hesabu hii niliielewa kwa maharagwe ya duka langu. Tena niliielewa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, kama mtakavyosoma.

USIKU WA SENSA

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 nchi yetu ya Kenya ilifanya sensa. Sensa ni kuhesabu watu wote. Walihesabiwa watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 25. Karani wa sensa alifika kwetu akiwa na mashine yake ya mkononi. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, mbele ya duka. Akauliza, "Katika nyumba hii walilala watu wangapi?"

Tulikuwa saba. Mimi, mke wangu, watoto wetu wanne, na mama mkwe wangu ambaye ni mzee sana. Karani aliandika jina la kila mmoja. Mama mkwe alipoulizwa umri wake alicheka. Alisema alizaliwa mwaka ambao mbuzi wengi walikufa kwa kiu. Karani akasaidiana naye mpaka wakapata mwaka.

Mke wangu alifurahi sana siku hiyo. Hakuwahi kusoma shule. Utoto wake wote alichunga mbuzi. Alisema, "Leo serikali inajua kwamba mimi niko."

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 9 Agosti 2022 ikawa siku ya uchaguzi mkuu. Niliamka alfajiri, nikavaa koti, nikachukua kitambulisho changu, nikaenda kupanga foleni. Mke wangu alibaki dukani. Nilirudi karibu na saa sita mchana, kidole changu kikiwa na wino. Watoto wakanizunguka wakitaka kuona wino huo.

Mke wangu alikuwa akipima sukari. Hakuniangalia. Alisema hivi:

"Baba watoto, mimi nilihesabiwa mwaka 2019. Leo nimeachwa. Je, nilikufa lini?"

Sikuwa na jibu.

KOSA LANGU

Ndugu wasomaji, mtu akieleza mambo aeleze yote. Mke wangu hakupiga kura kwa sababu hakuwa ameandikishwa kuwa mpiga kura. Hakuandikishwa kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Na kukosa kwake kitambulisho, mimi nilikuwa na lawama kubwa.

Mwaka 2017 aliniomba nimpeleke mjini akachukue kitambulisho. Nilimjibu, "Nani atauza duka?" Mwishoni mwa mwaka 2021 makarani wa kuandikisha wapiga kura walifika katika shule iliyo karibu nasi. Alikwenda peke yake, mtoto mgongoni. Karani alimwambia kwa upole, "Mama, bila kitambulisho siwezi kukuandika. Sheria hainiruhusu." Akarudi nyumbani. Alipoingia dukani nilimwambia maneno ambayo leo ninayaonea haya. Nilisema, "Kura moja haijazi kikapu."

Nilikosea. Kikapu hujazwa na moja na moja.

MAHARAGWE YA GUMBARU

Baada ya uchaguzi huo mke wangu alijiunga na darasa la gumbaru. Wanasoma chini ya mti wa mgunga, alasiri, jua likipungua. Siku moja alimwuliza mwalimu lile swali alilonikosesha jibu mimi. Aliuliza, "Mwalimu, Turkana tuko watu wangapi, na wapiga kura ni wangapi?"

Mwalimu alisema atatafuta. Baada ya wiki moja alikuja na karatasi yenye hesabu mbili. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019. Ya pili ilikuwa hesabu ya watu walioandikishwa kupiga kura mwaka 2022, kama ilivyotangazwa na Tume ya uchaguzi. Halafu akapita dukani kwangu akasema, "Naomba kuazima maharagwe. Tutayarudisha yote." Nikafunga duka, nikaenda naye nione maharagwe yangu yatafanya nini.

Mwalimu alisema, "Kila haragwe moja ni watu 10,000." Kisha akatandaza gunia chini, akataja kaunti nne.

Alianza na Lamu, kule pwani. Sensa ilihesabu watu 143,920. Tukaweka maharagwe 14. Walioandikishwa kupiga kura walikuwa 81,453. Tukayavuta kando maharagwe 8.

Akaja Nairobi. Watu 4,397,073. Hapo tuliweka maharagwe 440, na wanafunzi walichoka kuhesabu. Wapiga kura walikuwa 2,415,310. Tukavuta kando maharagwe 242.

Kisha akataja kwetu Nyeri. Watu 759,164. Maharagwe 76. Wapiga kura 481,632. Tukavuta kando maharagwe 48.

Mwisho ikawa zamu ya Turkana. Watu 926,976. Maharagwe 93. Wanafunzi wakafurahi. Walisema, "Tumewashinda Nyeri!" Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akasoma hesabu ya wapiga kura wa Turkana. Walikuwa 238,528. Tukavuta kando maharagwe 24.

Kimya kikaingia. Kila mtu aliangalia lile gunia. Turkana ilikuwa na watu wengi kuliko Nyeri, lakini wapiga kura wake walikuwa kama nusu ya wapiga kura wa Nyeri. Katika Nyeri, kwa kila watu 10, zaidi ya 6 walikuwa wameandikishwa. Katika Turkana, kwa kila watu 4, aliandikishwa mmoja tu.

Mwalimu alitukumbusha jambo moja. Hesabu ya sensa ni ya mwaka 2019, na hesabu ya wapiga kura ni ya mwaka 2022. Kati ya miaka hiyo wapo waliozaliwa, wapo waliokufa na wapo waliohama. Kwa hiyo kipimo hiki si cha sawasawa kabisa. Lakini tofauti ni kubwa mno, hata asiyejua hesabu anaiona.

Mke wangu alinyosha mkono. Akagusa yale maharagwe 69 yaliyobaki upande wa Turkana. Akasema, "Mimi niko hapa."

CHEKECHEKE

Mwalimu aliuliza, "Kwa nini maharagwe mengi yamebaki?" Watu wakaanza kujibu. Mimi nilisikiliza, nikajifunza mambo mengi.

Mama mmoja alisema, "Hao ni watoto." Ni kweli. Kura ni ya mtu aliyetimiza miaka 18. Katika Nyeri nyumba moja ina watu 3 kwa wastani. Katika Turkana nyumba moja ina watu kati ya 5 na 6, na wengi wao ni watoto. Kwa hiyo kaunti mbili zinaweza kuwa na watu sawa, lakini ile yenye watoto wengi itakuwa na wapiga kura wachache. Hiyo si dhambi wala si uvivu. Watoto watakua.

Mzee mmoja alisema, "Wengine ni wageni." Hiyo pia ni kweli. Sensa huhesabu kila aliyelala nchini, mwananchi na mgeni. Lakini kura ni ya raia wa Kenya tu. Hapa Turkana kuna kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Wakimbizi hawapigi kura zetu.

Kijana mmoja alisema, "Sisi wachungaji hatukuwako." Alieleza kwamba makarani walipokuja mwaka 2021, yeye na wenzake walikuwa mbali na mifugo, wakifuata majani na maji. Waliporudi, makarani walikuwa wamekwisha kwenda. Kaunti ya Turkana ni pana. Ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Nyeri ingeweza kuingia ndani yake karibu mara 20. Mtu wa Nyeri akitaka afisi hutembea, au hupanda matatu akarudi kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa Turkana anaweza kusafiri siku nzima.

Kisha mke wangu akasema, "Na wengine hatuna vitambulisho." Watu wengi waliinamisha vichwa. Mwalimu aliwaomba wasio na kitambulisho wanyoshe mikono. Kati ya wanafunzi 19, walionyosha mikono walikuwa 8. Wote 8 walikuwa wanawake.

Jioni nilipokuwa nikichekecha unga dukani, nilielewa. Hesabu hii ni kama chekecheke. Unamwaga watu wote juu. Chekecheke ya kwanza inazuia watoto na wageni. Wanaopita ni raia wenye miaka 18 na zaidi. Hao ndio Katiba inaowapa haki ya kura, isipokuwa mtu mwenye ugonjwa wa akili, au aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita. Hao huitwa wanaostahili.

Chekecheke ya pili inazuia wasio na kitambulisho wala pasipoti. Chekecheke ya tatu inazuia wenye kitambulisho ambao hawakwenda kujiandikisha. Wanaopita hapo ndio walioandikishwa. Hata hao hawaendi wote kupiga kura. Mwaka 2022 walioandikishwa Kenya nzima walikuwa 22,120,458. Waliofika kupiga kura walikuwa kidogo zaidi ya milioni 14.

Chekecheke ya kwanza ni ya haki. Mtoto ni mtoto, na mgeni ni mgeni. Lakini ya pili na ya tatu zinazuia watu ambao Katiba yenyewe imesema wapite. Mke wangu alikuwa mwenye haki tangu alipotimiza miaka 18. Alikwama katika chekecheke ya pili, na mimi nilikuwa nimeishika.

UCHACHE WA AINA MBILI

Tukirudi Lamu, tutaona jambo lingine. Lamu ilikuwa na wapiga kura 81,453 tu, wachache kuliko kaunti zote 47. Je, Lamu walilala usingizi? Hapana. Zaidi ya nusu ya watu wa Lamu waliandikishwa, hata kuipita Nairobi kidogo kwa kipimo hicho. Lamu ina wapiga kura wachache kwa sababu ina watu wachache.

Kwa hiyo uchache ni wa aina mbili. Kuna uchache wa mtu mwenye shamba dogo, ambaye amevuna mahindi yake yote. Na kuna uchache wa mtu mwenye shamba kubwa, ambaye ameacha mengi yakiwa bado shambani. Lamu ni yule wa kwanza. Turkana ni yule wa pili.

Wingi nao una siri yake. Mdogo wangu anafanya kazi Nairobi. Analala Nairobi, na sensa ilimhesabu Nairobi. Lakini kura yake iko kwetu Nyeri, kwa sababu alijiandikisha huko. Wako wengi kama yeye. Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, mabasi ya kutoka Nairobi hujaa watu wanaorudi kwao. Hao hupunguza hesabu ya Nairobi na kuongeza hesabu ya makwao. Sheria inaruhusu mpiga kura kuhamisha kura yake akihama, lakini wengi hupenda iwe kwao.

WABUNGE SITA KWA SITA

Mwaka 2023 nilikwenda Nyeri kwa mazishi ya shangazi yangu. Jioni, tukiota moto, niliwaeleza ndugu zangu habari ya maharagwe. Kaka yangu mkubwa alikasirika. Alisema, "Kumbe ninyi mna wapiga kura nusu yetu, na mna wabunge 6 kama sisi! Hiyo ni haki gani?"

Ni kweli kwamba Nyeri ina maeneo bunge 6, na Turkana ina 6. Nilimjibu kwa heshima, maana ni mkubwa wangu. Nilisema, "Kaka, Katiba haigawi maeneo bunge kwa kuhesabu wapiga kura. Inahesabu watu wote wanaokaa mahali, hata mtoto mchanga. Inaangalia pia ukubwa wa nchi na jinsi watu walivyotawanyika. Mbunge si wa wapiga kura peke yao. Ni wa mtoto anayehitaji shule, na wa bibi anayehitaji dawa."

Kaka alifikiri. Akauliza, "Na pesa za kaunti je?"

Nikamwambia ni vivyo hivyo. Fedha zinazotoka serikali kuu kwenda kwa kaunti hugawanywa kwa kipimo kinachopitishwa na Bunge. Idadi ya watu ni sehemu kubwa ya kipimo hicho. Wanahesabiwa watu, wala si kadi za kura.

Kaka akacheka, akasema, "Basi ninyi mnapata kila kitu bila kupiga kura."

Nilicheka naye, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimeona upande wa pili wa jambo hilo. Fedha zinakuja Turkana kwa ajili ya watu wanne. Lakini ni mtu mmoja tu kati ya hao wanne anayechagua nani atazitunza. Fedha za kisima zinakuja kwa jina la mama mkwe wangu, kwa sababu alihesabiwa. Lakini mama mkwe wangu, anayekunywa maji ya kisima hicho, hana neno juu ya mtu atakayekichimba. Anayesimamia fedha hizo anajua vizuri ni nani wanaoweza kumwondoa, na ni nani wasioweza.

UZITO WA KAUNTI

Wako watu wanaosema kwamba kaunti yenye wapiga kura wachache haina maana. Hao hawajasoma Katiba.

Kila kaunti huchagua gavana mmoja, seneta mmoja na mwakilishi mmoja wa wanawake katika Bunge. Lamu huchagua seneta mmoja. Nairobi, yenye wapiga kura karibu mara 30 ya Lamu, nayo huchagua seneta mmoja. Katika Seneti kaunti zimekaa kama ndugu wa tumbo moja, mrefu na mfupi.

Tena mtu hawezi kuwa Rais kwa kupata kura za kaunti kubwa tu. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini. Pia lazima apate angalau kura 25 katika kila kura 100 zilizopigwa katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ziko 47, kwa hiyo anahitaji kaunti 24. Katika kuhesabu kaunti hizo 24, Lamu ni moja, Turkana ni moja, na Nairobi ni moja.

Kwa hiyo mpiga kura wa kaunti ndogo si mtu mdogo. Lakini uzito huo wote unabebwa na wale walioandikishwa peke yao.

TULIVYOTAFUTA VITAMBULISHO

Niliporudi kutoka Nyeri nilimwambia mke wangu, "Mama watoto, kesho tunafunga duka." Hakuuliza kwa nini. Alikwenda kuosha nguo yake nzuri.

Kwanza tulikwenda kwa chifu. Alitueleza kwamba anayeomba kitambulisho mara ya kwanza huulizwa cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha baba au mama yake. Mke wangu alizaliwa nyumbani, hana cheti. Baba yake alikufa zamani. Na mama yake, yaani mama mkwe wangu, hakuwahi kuwa na kitambulisho maisha yake yote.

Hapo nikaelewa jambo lililonitia hofu. Mama hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo binti akakosa. Na binti akikosa, watoto wangu nao watapata taabu siku moja. Ukosefu huu unarithiwa kama deni.

Ilibidi tuanze na mama mkwe. Wazee wawili wanaomfahamu tangu utoto wake walikuja mbele ya chifu. Wakashuhudia kwamba amezaliwa hapa, na baba yake alikuwa fulani, na kisima cha baba yake kilikuwa mahali fulani. Chifu akaandika barua. Tukasafiri mpaka mjini, sisi watatu pamoja na wale wazee. Niliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na chakula.

Karani alipochukua alama za vidole vya mama mkwe, hazikuonekana vizuri. Vidole vyake vimelika kwa kusaga nafaka, kukata kuni na kufukua mchanga akitafuta maji. Karani alimnawisha mikono, akamfuta, akajaribu tena. Mara ya tatu alama zikatokea. Mama mkwe aliangalia ile karatasi, akasema kwa Kiturkana, "Huyo ndiye mimi?" Tukamwambia ndiye yeye.

Kisha mke wangu akaomba chake. Tulingoja miezi mingi. Mara mbili nilikwenda mjini nikaambiwa bado. Mara ya tatu nikavikuta vyote viwili.

Mke wangu alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Akasoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha lote. Lilikuwa jambo la kwanza alilolisoma nje ya darasa lake.

Hata hivyo hakuweza kujiandikisha mara moja. Tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025, na uandikishaji ukaanza tena mwishoni mwa Septemba 2025. Wiki ya kwanza tulikuwa foleni. Mke wangu aliandikishwa. Mama mkwe akaandikishwa nyuma yake, akiegemea fimbo. Siku hiyo pia duka lilifungwa, na hakuna mteja aliyekufa njaa.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, labda unasoma karatasi hii chini ya mti, na kidole chako kinafuata maneno. Nakuomba ufanye mambo machache.

Hesabu watu wa nyumba yako waliotimiza miaka 18. Kisha hesabu walio na kitambulisho. Kisha hesabu walioandikishwa kupiga kura. Kama hesabu hizo tatu ni sawa, shukuru. Kama hazilingani, jua nani amekwama, na katika chekecheke gani.

Usingoje mwezi wa uchaguzi. Katiba inasema uandikishaji wa wapiga kura uwe wa kuendelea. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti mwaka 2027. Kitambulisho kinaweza kuchukua miezi, kama kilivyochukua chetu. Mwenye kuanza leo ndiye atakayewahi.

Usione haya kwa sababu hujui kusoma vizuri. Karatasi ya kura ina picha na alama. Asiyeweza kusoma anaruhusiwa na sheria kwenda na mtu anayemwamini amsaidie, na mtu huyo ameapishwa kutunza siri.

Na ninyi waume wenzangu, mke akikwambia, "Nipeleke nikachukue kitambulisho," usiulize nani atauza duka. Mimi niliuliza, na swali hilo lilimgharimu mke wangu uchaguzi mzima.

Yale maharagwe mwalimu aliyarudisha yote, kama alivyoahidi. Mke wangu aliyapokea, akachukua mawili akayatia katika kikopo kidogo juu ya rafu. Nilimwuliza ni ya nini. Alisema, "Moja ni langu, na moja ni la mama. Uchaguzi ukifika tutayavuta upande ule mwingine."

Nilimwambia kwamba kwa hesabu ya mwalimu haragwe moja ni watu 10,000.

Akanijibu, "Hiyo ni hesabu ya kaunti. Hii ni hesabu ya nyumba yetu."